Mtandao wa mitambo uko taratibu? Maswali ambayo mafundi wa Kigoma na Tabora huuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye simu za saa mbili usiku na kwenye sakafu za viwanda: vya mawese na sabuni upande wa Kigoma, vya pamba na mpunga upande wa Tabora, na kwenye nyumba za pampu za maji huku na huku. Nimeyapa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno. Kama una haraka na skrini yako inachelewa sekunde kadhaa, ruka uende swali la 5 na la 6. Wagonjwa wengi hupona hapo.

## Mambo ya msingi

1. Mtandao wa kiwandani ni kitu gani, na una tofauti gani na ule wa ofisini?

Ni njia ambayo PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mitambo, huongea na sensa, inveta (kifaa kinachoongoza mwendo wa mota), mita, vali na skrini ya mwendeshaji. Ofisini barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Kiwandani, habari kwamba tangi limejaa ikichelewa sekunde mbili, mafuta yako sakafuni na mtu anatafuta pumba za mpunga za kumwaga juu yake.

Tofauti nyingine ni ukubwa wa mzigo. Kipimo cha presha ni baiti mbili tu. Mtandao wa mitambo hubeba vitu vidogo sana, mara nyingi sana, na kila kimoja kina saa yake ya kufika.

2. Nimenunua swichi ya mtandao ya gigabiti, mbona skrini bado inachelewa?

Kwa sababu umenunua Fuso ilhali ulihitaji bodaboda. Fuso hubeba magunia mengi kwa mara moja, lakini ukiwa na barua moja ya kupeleka Ujiji, bodaboda atafika mapema. Gigabiti ni ukubwa wa mzigo. Unachokilalamikia wewe ni muda ambao swali moja linatumia kwenda na jibu lake kurudi.

Lipo na jambo la tatu ambalo watu hulisahau: kuyumba kwa muda. Bodaboda anayefika kila siku kwa dakika kumi ni bora kuliko yule ambaye leo anatumia tano na kesho arobaini. PLC inaweza kupangwa ivumilie ucheleweshaji unaojulikana. Usiotabirika ndio unaoyumbisha mitambo. Kwa hiyo mtu akikuambia "mtandao uko taratibu," muulize kwanza: mzigo haupiti, jibu linachelewa, au leo liko hivi na kesho vile?

3. Nitajuaje kama tatizo ni mtandao na si kitu kingine?

Fuata safari nzima. Sensa ina kichujio chake, ambacho mara nyingine mtu alikiweka sekunde mbili ili namba isirukeruke, kisha akasahau. PLC nayo ina muda wa kuzunguka programu yake, kwa kawaida milisekunde chache hadi makumi. Baada ya hapo ndipo mtandao unaingia, halafu amri ya kutoka, halafu kifaa chenyewe. Vali kubwa ya mota huchukua sekunde nyingi kufunga, na hakuna kebo duniani itakayoiharakisha.

Fungua ukurasa wa uchunguzi wa PLC usome muda wa mzunguko na idadi ya makosa ya mawasiliano. Kwenye Etherneti, yaani mtandao wa kebo kama ule wa ofisini, programu ya bure ya Wireshark itakuonyesha kila pakiti (fungu la data) na muda wake. Kwenye RS-485, yaani laini ya jozi ya nyaya inayopita vifaa vingi, kigeuzi cha USB cha bei ya kawaida kikiunganishwa kusikiliza tu kitakuonyesha nani anauliza, nani anajibu, na nani kakaa kimya. Usinunue chochote kabla hujafanya hivyo.

4. Kasi ipi inanitosha?

Inategemea kitu chenyewe kinabadilika kwa haraka kiasi gani. Kina cha tangi la maji juu ya kilima hakibadiliki kwa sekunde moja, kwa hiyo kukisoma kila sekunde mbili ni anasa. Joto la boila, sekunde moja inatosha. Jicho la mwendeshaji haliulizi zaidi ya nusu sekunde kwenye skrini. Presha ya pampu inayoongozwa na inveta inataka makumi ya milisekunde hadi mia, na ni afadhali zaidi kazi hiyo ifanywe ndani ya inveta yenyewe. Mota mbili zinazopaswa kwenda hatua kwa hatua ni habari nyingine. Tazama swali la 16.

Nimeona mradi ambao kila kitu, hadi joto la chumba cha paneli, kilipangwa kusomwa kila milisekunde 50. Aliyepanga alidhani anaongeza ubora, kumbe alikuwa anaziba njia.

## Laini za RS-485 na Modbus

5. Nina vifaa 12 kwenye laini moja ya Modbus na skrini inachukua sekunde nne kubadilika. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Modbus, lugha ambayo vifaa vya mitambo huulizana na kujibizana, ilianza mwaka 1979, na kwenye nyaya za RS-485 hutembea kama treni kwenye reli ya Tabora hadi Kigoma: njia ni moja, mmoja akipita mwingine anasubiri stesheni. Masta, kwa kawaida PLC, anauliza, kifaa kinajibu, ndipo zamu ya kingine. Hakuna kupishana.

Tuseme laini yako iko baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Kila baiti, pamoja na biti zake za kuanza, za kufunga na pariti, inakuwa biti 11, yaani kama milisekunde 1.15. Swali ni baiti 8: milisekunde 9. Jibu la rejista moja (kisanduku kimoja cha namba ndani ya kifaa) ni baiti 7: milisekunde 8. Kati ya ujumbe na ujumbe lazima pawe na kimya cha herufi tatu na nusu, karibu milisekunde 4, mara mbili. Kifaa nacho kinafikiri. Tukipe milisekunde 10. Jumla ni milisekunde 35 kwa rejista moja.

Sasa programu yako inasoma rejista kumi kwa kila kifaa, moja moja. Mara kumi, mara vifaa 12: sekunde 4.2. Ndizo sekunde zako nne hizo.

Hapa mafundi wengi hukimbilia kupandisha baudi. Ukienda 19200 na kuacha mengine yalivyo, unashuka hadi sekunde 2.7 hivi. Lakini ukibaki palepale kwenye 9600 na kuziomba zile rejista kumi kwa swali moja, jibu linakuwa baiti 25, safari nzima milisekunde 56, na vifaa vyote 12 vinamalizika kwa sekunde 0.67. Hujabadilisha hata waya mmoja. Ukipandisha baudi baada ya hapo, unafika kama sekunde 0.4.

Modbus inaruhusu hadi rejista 125 kwa swali moja. Hata kama kati ya rejista unazozitaka zimo tatu usizozihitaji, mara nyingi ni nafuu kuzibeba zote kuliko kuuliza mara mbili, mradi kifaa hakikatai kusomwa anwani zisizo na kitu. Baadhi hukataa, soma kitabu chake.

Halafu gawanya zamu. Mambo ya haraka yaulizwe kila mzunguko, ya polepole (saa za mota, umeme uliotumika) yaulizwe mara moja kwa dakika. Amri za kuandika zitumwe thamani inapobadilika tu. Nimekuta PLC inaiambia inveta "zunguka hetzi 45" mara tano kila sekunde, mchana kutwa, na inveta ilikuwa kwenye hetzi 45 tangu asubuhi.

6. Laini inakwenda vizuri, inasimama ghafla sekunde kadhaa, halafu inaendelea. Ni nini?

Karibu kila mara ni kifaa kimoja kisichojibu.

Kiwanda kimoja cha sabuni ya mawese kiliniita, mwenye mali akiwa tayari na hati ya bei ya kung'oa kila kitu na kuweka Etherneti. Mwendesha boila, mzee wa makamo, alinisimamisha mbele ya skrini akaanza kugonga kioo kwa kofia ya kalamu. "Hesabu na mimi, fundi. Moja. Mbili. Tatu. Haya, sasa imeongea." Na kweli, namba zote zilibadilika kwa pamoja, kisha zikaganda tena.

Mita moja ya umeme ilikuwa imefunguliwa kupelekwa kutengenezwa, na haikurudi. Paneli ilibaki na tundu la mraba lililozibwa kwa boksi. Lakini kwenye programu jina lake lilikuwepo bado. Masta alikuwa anaiuliza, anasubiri sekunde moja, anarudia, anasubiri, anarudia tena, ndipo anakata tamaa. Sekunde tatu kila mzunguko, vifaa vingine vyote vikiwa vimekaa foleni. Nililifuta jina lile kwenye orodha, nikapunguza muda wa kusubiri hadi milisekunde 200, nikanywa chai yangu. Mzee alihesabu tena, hakufika hata moja.

Kwa hiyo: muda wa kusubiri uwe mara mbili au tatu ya jibu la kawaida, usiache ule wa kiwandani. Na kifaa kikikosa kujibu mara kadhaa, programu ikiweke pembeni na kukijaribu tena kila baada ya nusu dakika, si kila mzunguko.

7. Kuna ubaya gani kupandisha baudi hadi 115200?

Umbali. RS-485 inajulikana kwa kufika mita 1200, lakini umbali huo ni wa kasi ndogo. Mfano mzuri ni Profibus DP, inayotumia nyaya za namna hiyo: kwenye kilobiti 9.6 inafika mita 1200, kwenye kilobiti 500 mita 400, na kwenye megabiti 12 mita 100 tu. Ndani ya paneli au ukumbi mmoja, 115200 haina shida kebo ikiwa safi. Ila vifaa vyote kwenye laini lazima viwe na kasi ileile, na kizee kimoja kisichozidi 19200 kitawashusha wote. Hicho kihamishie kwenye mlango mwingine wa PLC, peke yake.

8. Zile rezista za mwisho wa laini ni lazima?

Kwa laini fupi na kasi ndogo utaponea bila hizo. Kwa laini ndefu, mawimbi hugonga mwisho na kurudi kama mwangwi, ujumbe unaharibika, masta anarudia, na wewe unaona mtandao umekuwa mzito.

Zinatakiwa mbili, za omu 120, moja kila mwisho wa laini. Zima umeme, weka mita kwenye omu, gusa A na B, yaani nyaya mbili za laini. Ukisoma karibu 60, uko sawa. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna tatu: mtu alikuta kitufe kidogo cha rezista kwenye kifaa cha katikati akakiwasha "ili iwe imara."

Laini yenyewe ipite kifaa hadi kifaa, kama shanga kwenye uzi. Usitoe matawi marefu kama mti.

9. Inveta ikiwaka, mawasiliano yanakuwa mazito. Kwa nini?

Kebo ya mota ya inveta hupiga kelele ya umeme, na waya wa mawasiliano uliolala pembeni yake kwenye trei moja huisikia yote. Ujumbe ukiharibika, hesabu ya ukaguzi mwishoni mwake haikubali, kifaa kinakaa kimya, na hapo umerudi swali la 6.

Tenganisha njia za kebo, sentimita 20 au zaidi, na pale zinapolazimika kukutana zikutane kwa pembe ya msalaba. Tumia jozi iliyosokotwa yenye wavu wa kinga, na kinga iunganishwe na ethi ya kweli inayofika ardhini, si ile ya kamba ya rangi ya kijani na njano inayoishia ukutani. Kebo ya mota nayo iwe na kinga. Hii ni kazi ya mikono na jasho, na kwa maoni yangu inaongeza kasi kuliko swichi yoyote.

## Etherneti

10. Basi niache RS-485 nihamie Etherneti moja kwa moja?

Kama unajenga upya, ndiyo. Kama kilichopo kinafanya kazi, anza na swali la 5.

Mtego uko kwenye vigeuzi. Mtu ananunua kigeuzi cha Modbus TCP (Modbus inayopita kwenye Etherneti) kwenda RS-485, anaunganisha PLC, skrini na kompyuta ya msimamizi, wote watatu wakiuliza vifaa vilevile. Upande wa juu ni megabiti 100, chini bado ni 9600 na treni ni ileile moja, sasa ina abiria mara tatu. Dawa ni PLC peke yake isome vifaa, na wengine wote waisome PLC.

11. Profinet, EtherCAT, Modbus TCP: ipi ina kasi zaidi?

EtherCAT, iliyoletwa na Beckhoff mwaka 2003, hupitisha pakiti moja kwenye vifaa vyote na kila kimoja huchota na kuweka chake pakiti ikiwa inatembea. Mizunguko ya chini ya milisekunde moja ni kawaida yake. Profinet ya kawaida hukaa kwenye milisekunde chache, na ile ya IRT, aina yake yenye muda mkali, inashuka chini zaidi kwa swichi maalumu. Modbus TCP haina ahadi ya muda, lakini kwa pampu na matangi inatosha na karibu kila kifaa kinaielewa.

Kwa kazi nyingi za mikoa yetu chaguo sahihi ni lile ambalo kipuri chake na fundi wake wanapatikana kabla ya mwisho wa wiki.

12. Naweza kutumia swichi moja kwa ofisi, kamera na mitambo?

Unaweza, ila usishangae. Kamera nane zikimimina picha kwenye kebo ileile inayopeleka amri za PLC, amri zitasubiri. Bora swichi tofauti kabisa. Isipowezekana, nunua swichi inayosimamiwa, tenga VLAN (mtandao wa peke yake ndani ya swichi ileile) ya mitambo na uipe kipaumbele. Kutenganisha kuna faida ya pili: kompyuta ya mhasibu ikipata kirusi, kinaishia kwa mhasibu.

13. Mtandao wote umelala, na taa za swichi zinawaka kama disko. Nifanyeje?

Chomoa kebo moja moja hadi taa zitulie. Kuna kebo iliyorudi kwenye swichi ileile au imefunga duara kati ya swichi mbili, na pakiti zinazunguka humo bila mwisho. Kwenye kinu kimoja cha pamba, kijana mpya wa ofisini alikuta ncha ya kebo inaning'inia, akaona si ustaarabu, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Mashine sita zilisimama, na hakuna aliyemshuku kwa sababu alikuwa anasaidia.

Swichi zinazosimamiwa zina RSTP, utaratibu wa kuzuia hili. Ukitaka duara kwa makusudi, ili kebo ikikatika upande mmoja habari zipite upande wa pili, tumia vifaa vinavyojua kazi hiyo. MRP, utaratibu wa mitandao ya duara, kwa mfano, imetengenezwa kurudisha mawasiliano ndani ya milisekunde 200.

14. Kebo za bei nafuu za madukani zinafaa?

Uliza kama ni shaba tupu. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika zikikunjwa na hazipendi mita 100 kamili ambazo Etherneti ya shaba inaruhusu. Kwenye chumvi, kama Uvinza, hata kebo nzuri huliwa pini zake zikawa za kijani. Tumia viunganishi vyenye kifuniko. Pini yenye kutu haikati mawasiliano, inayafanya yarudierudie, ndiyo maana watu hutafuta tatizo wiki nzima kwenye programu.

## Umbali na radi

15. Tangi liko kilomita kadhaa kutoka kwenye pampu. Faiba, redio au laini ya simu? Na nikitaka kuangalia nikiwa Dar?

Faiba kama una uwezo wa kuchimba. Mwanga ndani yake hutumia maikrosekunde 5 hivi kwa kilomita, na haipitishi umeme. Hilo la pili lina uzito kwetu. Kwa radi za huku magharibi, kebo ya shaba iliyotoka jengo moja kwenda jingine ni mwaliko. Msimu mmoja wa mvua nilibadilisha milango ya PLC mitatu kwenye kituo kimoja cha maji kabla wenyewe hawajakubali kuweka faiba ya mita 300. Ukibaki na shaba, weka vizuia radi ncha zote mbili.

Redio inafaa kama minara inaonana. Majani ya miembe huongezeka msimu wa mvua, hivyo kiungo kilichopimwa kiangazi kinaweza kuanza kurudiarudia Desemba. Laini ya simu inatosha kwa kina cha tangi (swali la 4), lakini pampu iwe na akili ya kujiendesha ishara ikipotea, na swichi ya kuelea iwe palepale.

Kutazama ukiwa mbali hakuna shida, kuongoza ukiwa mbali kuna. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani. Swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde kabla hujahesabu kitu kingine. Hiyo ni fizikia, usimlaumu mtoa huduma. Kusanya data kwenye kituo, itume kwa mafungu, maamuzi yabaki kwenye PLC iliyoko pale. Na pitia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, usiiache Modbus wazi kwenye intaneti, kwa maana haiulizi nenosiri.

## Mambo ya pembeni

16. Mota mbili lazima ziende sambamba, na nimeshafanya yote ya juu. Bado zinapishana.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kutonunua unapokoma. Kama umefikia sambamba ya chini ya milisekunde, Modbus si chombo chake kwa baudi yoyote ile. Unahitaji mtandao wenye saa moja kwa wote, kama EtherCAT au Profinet IRT, na inveta au sevo (mota na kiongozi chake cha mwendo sahihi) zinazoielewa. Kuyumba kwa muda, tuliyoitaja swali la 2, ndiyo adui yako, na dawa yake ni vifaa.

Njia ya mkato ipo kwa mashine rahisi: chukua mpigo wa enkoda (kihesabu mizunguko) ya mota ya kwanza, upeleke kwa waya moja kwa moja kwenye inveta ya pili, na mtandao ubaki na kazi ya kuwasha na kuzima tu.

17. Naweza kubadilisha mipangilio mitambo ikiwa inafanya kazi?

Kusikiliza, ndiyo. Kubadilisha baudi, anwani au muda wa kusubiri, hapana. Subiri zamu ibadilike, piga picha mipangilio ya zamani kwa simu, badilisha kitu kimoja, pima, andika.

18. Mtandao wangu sasa una kasi. Kitufe cha dharura kinaweza kupita humo?

Kwenye Modbus au Etherneti ya kawaida, hapana, hata ukiwa na kasi ya namna gani. Kitufe kikate umeme wa kontakta (swichi kubwa inayowasha mota) kwa waya wake mwenyewe.

Ipo mitandao ya usalama kama PROFIsafe, ambayo huhesabu kila ujumbe na kusimamisha mashine ujumbe ukichelewa kupita muda uliowekwa. Ukiona mashine ya namna hiyo inasimama yenyewe mara mbili kwa siku bila mtu kugusa kitufe, usiongeze huo muda ili inyamaze. Rudi swali la 9, ukafungue trei ya kebo.